UZI: Madereva wa trela wapo, wanachokimbia ni kungoja kusikolipwa

Karani wa Yadi (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salamu zenu.

Kila nikikaa na wenye magari huku Industrial Area, Nairobi, kilio ni kimoja: dereva mzuri hapatikani, na ukimpata hakai. Tangazo likibandikwa langoni watu wanajaa, wakipimwa na gari wanabaki wachache, na hao wachache kabla mwaka haujaisha washahamia yadi nyingine au wameacha trela kabisa. Lawama zote humwangukia dereva. Mara haaminiki, mara anapenda pombe, mara vijana wa siku hizi hawataki kazi ngumu.

Nimeendesha trela njia ya Malaba na Busia, mpakani na Uganda, kabla ya kuletwa ofisini kupanga safari. Nilikuwa yule dereva anayepigiwa simu kuulizwa amefika wapi, sasa ndiye mimi ninayepiga. Kuna jambo moja linalofukuza watu kuliko mengine yote, na sisi wa ofisini ndio tuliolipanga: gari likitembea dereva analipwa, gari likisimama analipia yeye.

Kwa wasioijua kazi hii, dereva wengi hupewa mshahara wa msingi, ambao mara nyingi ni mdogo, halafu kila safari anapewa mileji. Kwenye hiyo mileji anakula, analipia kuegesha usiku, anamtunza tanboi (msaidizi wake garini) kama yupo, ananunua kamba ya turubai ikikatika, na njiani kuna mikono inayonyooshwa dirishani ambayo haitoi risiti. Kinachobaki ndicho chake. Safari ikienda vizuri anarudi na kitu cha maana. Akikwama mpakani siku kadhaa, anairudia ile ile mileji na kuila mpaka iishe, kisha anaanza kukopa kwa simu.

Chukua siku ya kawaida. Dereva yuko nje ya dipo moja la makontena huko Embakasi kabla jua halijachomoza. Karatasi ziko sawa, anaambiwa. Saa mbili asubuhi wanasema kuna stakabadhi moja haijaingia kwenye mfumo. Karani wa kliarensi, anayeshughulikia karatasi za forodha, hashiki simu. Foleni inasogea gari moja moja, kwa hivyo hawezi kushuka akalale mahali, akitoka kidogo anarukwa na wa nyuma anapiga honi. Kebini inawaka jua. Anakula chapati na maharagwe kwa mama aliye kando ya barabara, analipia choo, anarudi kusogeza gari. Kontena linapakiwa saa tatu usiku. Saa tatu na nusu anapigiwa simu: mwenye mzigo anautaka Malaba haraka.

Sasa tazama kile kinachoonekana kwenye kompyuta ya ofisi. Kifaa cha kufuatilia gari kinaonyesha limesimama mchana kutwa. Ofisi inasoma hapo kwamba dereva amepumzika. Mtu ameamka tangu alfajiri, hajafumba jicho, na kwa hesabu yetu ana nguvu za kutosha kwenda usiku kucha.

Sheria ya Trafiki, kifungu cha 66A, inakataza mtu kuendesha gari la biashara zaidi ya saa 8 kwa jumla ndani ya saa 24. Ni sheria nzuri. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni kilomita zipatazo 930. Trela lililobeba, ukihesabu mizani ya Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye, ukihesabu pia vilima na msongamano wa Rironi, likipata wastani wa kilomita 45 kwa saa limejitahidi. Hizo ni kama saa 21 za usukani, kwa hivyo siku tatu za kuendesha ukifuata sheria. Nitajieni yadi inayopanga siku tatu. Na sheria hiyo inahesabu saa za kuendesha tu, zile za kwenye foleni hazimo.

Naomba michango, hasa ya walioacha kazi. Semeni mliacha kwa nini.

Mama Wawili

Kaka Karani, umenigusa. Mume wangu aliendesha trela tangu kabla hatujaoana. Watu wakiona trela wanadhani kuna pesa. Mimi nilikuwa nabaki Mlolongo na watoto, yeye anasema narudi Ijumaa, inafika Jumatano ya wiki ya pili. Simu ikizimika naanza kuwaza Salgaa, kule kwenye ajali nyingi.

Hakuacha kwa sababu ya barabara. Tairi lilipasuka na kuharibika kabisa usiku, akiwa na mzigo. Tairi lenyewe lilikuwa limetiwa ngozi mpya mara nyingi na yeye alikuwa ameripoti mapema kwamba limechoka. Aliporudi walilikata kwenye mshahara wake, miezi mfululizo. Mwezi wa kwanza alileta nyumbani pesa ambazo hazikutosha kodi ya nyumba. Sasa anaendesha lori dogo la maji, Syokimau hadi Athi River. Pesa ni kidogo kuliko zamani. Lakini saa moja jioni anakaa mezani na watoto wake na anajua tarehe ya kulipwa. Yule mwajiri alimtumia watu mara mbili kumwomba arudi, alikataa.

Karani wa Yadi

Pole sana mama, na asante kwa kulieleza wazi. Makato kama hayo yana sheria yake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Tairi bovu lililoripotiwa si kosa la makusudi. Na hata makato yakiwa halali, jumla yake haiwezi kupita theluthi mbili ya mshahara. Wenye magari wengi hawajawahi kusoma kifungu hicho, na dereva asiye na mkataba wa maandishi anaogopa kukitaja.

Kuhusu mshahara wenyewe, agizo la mwaka 2022 lilimwekea dereva wa magari makubwa ya biashara hapa Nairobi kima cha chini cha Sh34,302.75 kwa mwezi kabla ya posho ya nyumba, na mwaka 2024 viwango vikaongezwa asilimia 6. Ninajua watu wanaoshika gari la tani hamsini na kitu, mali ya mamilioni juu yake, na hawafikii hapo. Wanaambiwa mileji ndiyo itakayojaza. Mileji ni pesa za safari, haziwezi kuitwa mshahara.

Tajiri Mdogo

Nimesoma kimya nikaona niseme na mimi, maana hapa mwenye gari anachorwa kama mnyang'anyi.

Nina vichwa viwili vya trela, vyote vya mkopo. Benki haijali kama gari lilikuwa Malaba au Mariakani, tarehe ikifika wanakata. Mwenye mzigo ananilipa baada ya miezi miwili, mitatu, na nikimsumbua anampa mwingine mwenye bei ya chini. Dizeli ndiyo inakula zaidi ya kila kitu. Juu ya hapo, dereva niliyemwamini ameninyonyea mafuta akaweka gari huru, bila gia, kwenye mteremko ili mshale usionyeshe. Breki zikachemka. Mungu tu. Sasa niambieni, hiyo pesa ya kumlipa mtu kwa kungoja nitaitoa wapi? Mkono mtupu haulambwi.

Karani wa Yadi

Tajiri, hujaonewa na umesema kweli tupu. Wewe na dereva mnabanwa na mlango ule ule.

Hebu fikiria mnyororo wenyewe. Kontena likichelewa kurudi, kampuni ya meli inatoza kwa kila siku. Likikaa bandarini kupita siku za bure, bandari inatoza ghala. Kila mmoja humo ndani ameweka bei ya muda wake isipokuwa lori. Ghala la mwenye mzigo likikuweka langoni siku mbili kwa sababu halina nafasi ya kushusha, yeye hapotezi hata senti. Amepata ghala la bure juu ya magurudumu yako. Kwa nini aharakishe? Hasara hiyo wewe unamsukumia dereva, na dereva anaitafuta kwenye tangi.

Wizi wa mafuta ni wizi, sitautetea. Ila nimekaa kwenye meza inayogawa dizeli na najua inavyogawiwa. Tunapiga hesabu ya barabara nyeupe: gari halikusimama, halikuwasha injini foleni, halikupanda kilima nyuma ya lori lililokufa. Akirudi na upungufu tunakata. Kwa hivyo dereva anajifunza kuweka akiba, na akiba anaipata kwa kuachia gari huru mteremkoni, huko huko Salgaa na Sachangwan ambako watu wameshakwisha. Nani amesahau Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka Sachangwan na moto ukaua zaidi ya watu 100? Nani amesahau Londiani, Juni 2023, zaidi ya watu 50 kando ya barabara? Sizungumzii chanzo cha ajali hizo mbili. Ninachosema ni kwamba njia yenye historia hiyo haitaki dereva aliyepangiwa kubana lita.

Msafiri wa Juba

Mmesahau usalama. Mimi niliacha njia ya Juba 2021. Ukishavuka mpaka wa Uganda pale Elegu ukaingia Nimule, Sudan Kusini, kutoka hapo hadi Juba unaendesha ukitazama kichaka. Wenzetu walishambuliwa, wakauawa, magari yakachomwa, hadi madereva tukagoma kuvuka mwaka huo. Unakaa Elegu na mzigo wa watu, wa nyumbani wanalia usiende, wa ofisini wanauliza mbona gari halitembei.

Na kabla ya hapo 2020. Corona ilipoingia, sisi ndio tulioendelea kupeleka chakula na dawa mipakani, na sisi ndio tulioitwa wabeba ugonjwa. Foleni ya Malaba ilikwenda kilomita na kilomita. Miji tuliyozoea kula ilitufungia mlango. Januari 2022 ikarudi tena, Uganda ikataka kipimo cha dola 30 kwa kila anayeingia, tukagoma, foleni ikafika mbali. Yote hayo, hakuna aliyetulipa siku za kungoja. Watu waliochoka mwaka ule hawakurudi tena, na hao ndio waliokuwa na uzoefu.

Karani wa Yadi

Shukrani, ndugu. Wakati huo huo reli ya SGR ilikuwa imeshachukua mizigo mingi kati ya Mombasa na Nairobi. Agizo la Agosti 2019 la kutaka makontena yote ya huku bara yaje kwa reli lilizua maandamano Mombasa, na ni Septemba 2022 ndipo serikali mpya iliporudisha shughuli za kutoa mizigo bandarini. Katikati hapo magari mengi yaliegeshwa, madereva wakabaki kusukuma makontena kutoka Embakasi hadi maghala ya mjini, safari fupi zisizo na mileji ya maana. Mtu akikaa hivyo miaka miwili mitatu anatafuta kazi nyingine.

Kijana wa Njiru

Mimi niko upande wa kuingia, wala si wa kutoka. Nina leseni ya C, nimekuwa nikiendesha Canter ya mboga Wakulima. Nataka CE, ile ya trela. Kila yadi ninayoingia wanataka uzoefu wa trela wa miaka kadhaa. Nitaupata wapi kama hakuna anayenipa gari? Na nikisoma huu uzi moyo unaanza kusita.

Karani wa Yadi

Mdogo wangu, swali lako ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu zamani lilikuwa na jibu. Ulikuwa unaanza tanboi. Unafunga turubai, unapiga nyundo tairi kusikia kama lina upepo, unamwagia mzee maji ya kuoga Maai Mahiu, na pole pole anakuachia usukani uwanjani, kisha usiku barabara ikiwa tupu. Unajifunza kurudisha trela nyuma, jambo ambalo hakuna shule ya udereva itakayokufundisha vizuri kwa saa chache. Unajifunza kushuka kilima kwa gia ile ile uliyopandia. Mafunzo yenyewe hayakuwa na cheti na mengine yalivunja sheria, lakini yalizaa madereva.

Yadi ninazozijua zimemwondoa tanboi ili kupunguza gharama. Tumekata ngazi, halafu tunashangaa hakuna anayepanda. Bima nayo inataka dereva mzoefu, kwa hivyo mwenye gari hata akitaka kukusaidia anaogopa.

Ushauri wangu: tafuta mwenye gari lenye safari fupi, mchanga, kokoto au saruji kutoka Athi River. Omba kukaa na dereva mzee, hata kwa malipo ya tanboi. Usinunue leseni. Kuna watakaokuambia inawezekana. Gari la tani nyingi mteremkoni halisomi karatasi.

Msafiri wa Juba

Na asisahau kuna nchi za Ghuba, Uarabuni. Wenzangu kadhaa wako huko. Mshahara unaingia tarehe yake.

Mama Wawili

Msafiri, wengine wanarudi wakiwa na hali mbaya pia. Asome mkataba kwanza.

Mpita Njia wa Syokimau

Swali la uaminifu kabisa. Hii si shida ya dunia nzima? Marekani na Uingereza wana barabara nzuri, sheria kali na mishahara mikubwa, na bado wanasema madereva hawatoshi. Huenda kazi yenyewe ndiyo imepitwa na wakati.

Karani wa Yadi

Swali zuri, nalifurahia kwa sababu jibu lake linarudi pale pale.

Uingereza mwaka 2021 chama cha wenye malori kilisema wanapungukiwa madereva kama 100,000. Vituo vya mafuta vikakauka Septemba, jeshi likaendesha matangi, serikali ikatoa viza za muda. Marekani mwaka huo huo chama chao kilitaja upungufu wa 80,000. Lakini mwaka 2019 wachumi wawili, Stephen Burks na Kristen Monaco, walichunguza soko la madereva la Marekani na wakaona linafanya kazi kama soko lingine lolote: malipo yakipanda, watu wanakuja. Huko makampuni makubwa ya masafa marefu yamekuwa yakipoteza madereva kwa kiwango cha karibu asilimia 90 na zaidi kwa mwaka, kwa miaka mingi. Watu wanaingia mlango wa mbele na kutoka wa nyuma. Hapo utasemaje watu hawapo?

Wengi wao hulipwa kwa maili. Gari likisimama ghalani, hakuna maili. Mkaguzi wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani alitoa ripoti mwaka 2018 kwamba kucheleweshwa kwenye maghala kunawapunguzia madereva wa mizigo ya kukodi mapato ya kati ya dola bilioni 1.1 na 1.3 kwa mwaka. Humo humo wakakadiria kwamba kila dakika 15 za ziada za wastani wa kukaa ghalani zinaongeza kiwango cha ajali kwa asilimia 6.2. Barabara zao ni nzuri kuliko zetu na bado, kwa sababu dereva aliyepoteza nusu siku ghalani anajaribu kuifidia barabarani.

Nilipoisoma ripoti ile nilimkumbuka yule wa Embakasi anayepakiwa saa tatu usiku.

Kuna nchi zinazotazama huku sasa. Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano ya kazi Septemba 2024, na tayari madereva wachache wa basi kutoka hapa walikuwa wamepelekwa Flensburg. Wakianza kutafuta wa trela, wataondoka wale wenye leseni safi na nidhamu. Wenye magari wafikirie hilo mapema.

Tajiri Mdogo

Sawa Karani, nimekusikia. Usinipe hotuba, nipe cha kufanya kesho. Kumwambia mwenye mzigo anilipe kungoja, naanzaje bila kumpoteza?

Karani wa Yadi

Usianze na wote. Anza na yule ambaye gari lako linamfaa kuliko linavyokufaa wewe mzigo wake, yule anayekupigia simu mwenyewe.

Kwenye karatasi ya makubaliano weka maneno mepesi: gari likifika langoni na kuandikishwa, mwenye mzigo ana saa kadha za kupakia au kushusha bila malipo. Zikipita, kila siku au sehemu ya siku inalipiwa kiasi fulani. Andika pia kwamba sehemu ya kiasi hicho ni ya dereva, na umwonyeshe dereva hiyo karatasi. Hapo ndipo utamwona akikupigia simu yeye mwenyewe kukuambia muda aliofika.

Na mkataba wa maandishi kwa dereva wako, hata ukurasa mmoja: mshahara, tarehe, likizo yake ya siku 21 ambayo sheria inampa, na kwamba mileji iko mbali na mshahara. Weka sharti kwamba akiripoti tairi au breki, gari halitoki mpaka makanika atie sahihi. Hilo la mwisho halikugharimu kitu.

Mama Wawili

Ongezeni afya. Pale Mlolongo kuna zile zahanati za kontena za bluu za North Star Alliance, mume wangu alipimwa presha pale akiwa njiani. Dereva apewe nafasi ya kusimama hapo bila kuulizwa kwa simu mbona gari halitembei.

Tajiri Mdogo

Ninarudi na habari. Nimempelekea ile karatasi mwenye mzigo wa saruji. Amenuna, halafu amekubali, ila anataka saa 24 za bure. Mimi nilikuwa nimeandika 12. Nimempa 24. Kwa dereva nimegawa nusu kwa nusu.

Karani wa Yadi

Hapo umeanza vizuri. Jambo moja: saa hizo zinaanza kuhesabiwa lini? Kama karatasi haisemi, atazihesabu kuanzia gari linapoingia ndani, na gari linaweza kulala nje ya lango siku nzima. Andika kuwa ni tangu linapofika langoni, na mlinzi atie saa na sahihi kwenye kitabu chake na kwenye hati ya mzigo ya dereva. Mwambie dereva apige picha ya ukurasa huo kabla hajazima injini.

Tajiri Mdogo

Ilisema "kuingia". Nairekebisha kabla gari halijatoka Jumatatu.